Mpira Uliobaki kwa Haboba Saida

Ninyi mnaoshika rungu sasa pale Ediofe na Koboko mmenisumbua niandike habari za kazi yangu, kwa sababu mnasema nikisimulia kwa mdomo nacheka kabla ya kufika mwisho na ninyi hamwambulii kitu. Haya, naandika. Mambo ya mshahara na kupandishwa cheo sitayagusa. Hayo hayamfundishi mtu kupiga mpira, na mama yangu alikwisha kuyatangaza soko zima la Koboko. Nitasimulia shoka, kuni, na mpira mmoja nilioupiga nikiwa kijana, ukavuka uzio, na mpaka leo haujarudi uwanjani.

Mimi ni Candia, mtoto wa Ayivu, kando ya mji wa Arua huko West Nile. Kazi yangu ilikuwa kuupiga mpira wa besiboli uende mbali. Si kukimbia, maana mbio zangu ni za bata. Si kudaka pia, maana makocha wote walionifundisha kudaka walizeeka haraka. Timu iliniajiri nisimame na rungu langu, mrushaji atupe mpira kwa hasira zake zote, nami niupeleke mahali ambapo hakuna mchezaji anayeweza kuufuata. Ukivuka uzio wa uwanja, unazunguka vituo vinne kwa raha zako na pointi ni yako. Hiyo ndiyo sheria ya dunia nzima. Koboko tulikuwa na sheria yetu, ikanilea, ikanitia nguvu, kisha nusura inifukuzishe kazi siku ya kwanza.

Shule ya msingi nilisoma Ediofe, hapohapo Arua, karibu na kengele za kanisa kuu. Kisha mama akahamia Koboko, karibu na mpaka, kuwauzia unga wa muhogo wafanyabiashara wa Sudan Kusini, nami nikahamishiwa shule ya huko. Nilimkuta Mwalimu Adriko, mwalimu wa hesabu, aliyejifunza besiboli alipokuwa chuoni Kampala. Alikuwa amerudi na gunia. Ndani yake mlikuwa na rungu moja la alumini, glavu chache zilizochanika, na mipira mitatu ambayo aliilinda kuliko mboni za macho yake. Marungu mengine alituchongea seremala wa sokoni kwa mti wa mkaratusi, na yalikuwa mazito hata ukiyabeba tu umefanya mazoezi.

Siku yangu ya kwanza Mwalimu alinifundisha kusimama. "Kunja magoti," akasema, "kama mtu anayetaka kukaa kitini, kisha akakumbuka kiti ni cha mkwe wake." Mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko hayo. Nikakunja magoti, nikamkumbuka mkwe ambaye sikuwa naye, mpira ukaja, nikapiga. Sikusikia hata uzito mkononi. Ukapaa, ukapita juu ya ua wa michongoma, ukatumbukia upande wa pili. Tulisikia sauti ya kitu laini, halafu sauti ya mwanamke mwenye hasira.

Upande wa pili palikuwa kwa Haboba Saida. Haboba ni bibi kwa lugha ya Wanubi, na yeye ni Mnubi halisi, babu zake walikuja na jeshi kutoka Sudan wakabaki. Alikuwa anapika kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, juu ya bamba la chuma, na jioni akisuka kawa za rangi za kufunikia chakula. Mpira wetu ulikuwa umeingia ndani ya ndoo ya uji wa kisra. Nilipojipenyeza kwenye michongoma nilimkuta amesimama, uji umemtapakaa mpaka kwenye nyusi.

"Nani iko natupa mawe kwa uji yangu?"

"Si mawe, Haboba. Ni mpira."

"Mpira ya nani?"

"Ya shule."

"Shule hapana piga. Mkono ya nani ilipiga?"

"Yangu, Haboba."

"Basi mkono hiyo ichukue shoka. Kuni iko pale. Ukimaliza, mpira natoka."

Nikapasua kuni. Nilipasua vibaya sana, shoka likanasa, gogo likaruka, kuku wakakimbia. Haboba aliketi kwenye kigoda akinitazama huku anajifuta uji, na uvumilivu ukamwisha. "Wewe unapiga na mkono," akasema. "Mkono ni mtoto. Mama yake iko hapa." Akajipiga kofi kiunoni. "Mama akigeuka, mtoto inafuata. Na wewe natazama shoka ya nini? Tazama mahali unataka pasua." Nikageuza kiuno, nikatazama ufa, gogo likafunguka vipande viwili. Nilicheka kwa furaha mpaka nikaona haya. Akanipa mpira, umeshaoshwa kwa sabuni.

Kuanzia hapo kila nilipopiga vizuri nilienda kupasua kuni, na kila nilipopasua kuni nilipiga vizuri zaidi. Ilikuwa adhabu inayonenepesha! Mabega yakapanuka, mashati ya shule yakaanza kupasuka mgongoni, mama akalalamika. Mwalimu Adriko naye akalalamika, maana mimi nikiwa kwa Haboba na mpira mmoja, mingine ikiwa kwenye majani, mazoezi yalikuwa yanakufa kabla ya saa kumi na moja. Siku moja uvumilivu ukamwisha. "Candia, ukivusha mpira tena utakaa pembeni mpaka umalize shule. Piga chini." Nikapiga chini. Nilipiga kama mtu anayeua nyoka, kwa uchungu mwingi, na wiki nzima hakuna kilichovuka michongoma.

Mwisho wa wiki kichwa cha Haboba kikatokea juu ya ua.

"Mwalimu! Mutu yangu ya kuni iko wapi?"

"Nimemkataza, Haboba. Mipira inapotea."

"Inapotea wapi? Mimi nakula mpira? Yote inarudi, tena nafua na sabuni! Watoto yako inacheza na mpira safi kuliko shati yao!"

Ilikuwa kweli kabisa. Mwalimu alikuna kichwa, akatazama mashati yetu, akatunga sheria ya Koboko papo hapo. Mpira ukipigwa nje, mchezo unasimama na kila mtu anabaki alipo. Mpigaji anamwendea Haboba, anapasua kuni, anarudi na mpira. Mpira ukigusa uwanja, pointi inahesabiwa. Kabla haujarudi, hakuna pointi, na mchezo unabaki umesimama. Watu wa Koboko waliipenda sheria hiyo kupita kiasi, kwa sababu wakati mimi napasua kuni Haboba alikuwa anawapitishia watazamaji kisra na maharagwe juu ya ua, wala si bure. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alinitetea kwa moyo wote.

Mrushaji wetu alikuwa Lado, rafiki yangu, ambaye familia yake ilikimbia vita vya Sudan Kusini ikafikia Koboko. Alikuwa na mikono mirefu na mdomo mrefu zaidi. Kila nikijiandaa kupiga alikuwa ananipigia kelele, "Candia, shoka iko tayari?" ili nicheke nikose. Na nilikosa sana. Msidanganywe na hadithi, vijana: mpigaji wa nguvu hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Ukikosa, usitazame chini kama umepoteza sindano. Rudi ukakae, kunywa maji, ngoja zamu yako.

Tulipoenda Arua kucheza na timu ya Ediofe nilivusha mpira ukaanguka kwenye ua wa nyumba moja jirani. Mimi mbio mpaka pale. Nikasalimia, nikaona shoka limeegemezwa ukutani, nikaona magogo, nikaanza kazi. Baba mwenye nyumba akatoka na kikombe cha chai mkononi.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mpigaji."

"Nani alikutuma?"

"Mpira, baba."

Alikunywa chai yake polepole huku nikimmalizia magogo yote, kisha akanipa muhogo wa kuchemsha na kuniuliza timu yetu inarudi lini. Uwanjani timu ya Ediofe walikuwa wanabishana na Mwalimu kwamba hawajawahi kusikia sheria ya namna hii. Mwalimu aliwajibu kwamba ni kwa sababu hawajawahi kufika Koboko.

Nilipokuwa namaliza sekondari wakaja wageni wawili kutoka Japani, pamoja na kocha wa Kampala, wanatafuta vijana wa kujaribiwa. Walisema wana nusu saa tu, maana ndege yao inaondoka Arua alasiri. Lado akarusha mpira wa kwanza, nikakosa. Wa pili nikakosa. Wa tatu aliurusha kwa nguvu zake zote, hakutaka nipate hata mbele ya wageni, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Niliupata katikati kabisa. Ulipita juu ya michongoma, ukapita juu ya bati la jiko la Haboba, ukaenda kuangukia kwenye mtama wake nyuma ya nyumba. Sijawahi kuupiga mpira vile tena, hata nilipolipwa.

Nilipofika kwa Haboba alikuwa ameshauokota. Mbele yake palikuwa na kisiki cha mwarobaini, kipana kama meza, kina mafundo kila upande. Kazi ya siku mbili. Barabarani kocha wa Kampala alikuwa anapiga honi. Wageni walitaka niondoke nao palepale nikajaribiwe. Mama alikwisha kupakia begi langu. Nikalitazama gari, nikakitazama kisiki. Haboba naye akatazama vyote viwili.

"Enda na watu yako," akasema. "Mpira inabaki. Siku unarudi, unapasua hii, unabeba mpira."

"Na pointi yangu, Haboba?"

"Pointi iko kwa mpira. Mpira iko kwangu."

Gari lilipopita kando ya uwanja nilimwona Lado bado amesimama mahali pa mrushaji, na wenzetu wote kila mmoja mahali pake, kama sheria inavyotaka. "Mchezo imesimama!" akapiga kelele. "Candia, sisi iko nangoja!" Nilicheka njia nzima mpaka Arua, na huku nikilia, maana ndiyo mara ya kwanza nilikuwa naondoka na kazi ambayo sijaimaliza.

Basi nikaajiriwa katika timu ya mji mdogo wa pwani huko Japani. Kulikuwa na baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Wa kunisaidia kwa lugha alikuwa kijana mmoja mkalimani, Kenta, tuliyekuwa tunaelewana kwa Kiingereza chetu cha kuazima. Marungu yao yalikuwa ya mbao nzuri, mepesi, mpini mwembamba. Hapo angalau nilikuwa nyumbani. Mbao ni mbao: ina nyuzi zake, na usipojua nyuzi zimelala upande gani, rungu linapasuka mkononi na unabaki umeshika mpini kama mwiko. Kila jioni nilikuwa nayapangusa marungu yangu, nayagonga kwa kidole nisikilize. Linalolia kwa sauti nyembamba na safi ndilo la kesho. Linaloguna liache, hata kama ni zuri la sura.

Sasa siku ya kwanza. Uwanja umejaa, ngoma zinapigwa, mimi nimekunja magoti bila kumkumbuka mkwe wa mtu. Zamu ya kwanza nilikosa mara tatu nikarudi kukaa. Zamu ya pili mrushaji akaniletea mpira usawa wa kifua, kiuno kikageuka chenyewe, na pah! Niliuona unapaa kuelekea kwenye viti vya watazamaji. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na mimi ni shahidi. Nilitupa rungu nikakimbia moja kwa moja. Sikuzunguka vituo. Nilipita kando ya mrushaji, nikampita mchezaji wao aliyesimama mdomo wazi, nikapanda uzio, nikaingia kwa watazamaji kuutafuta mpira wangu. Nilikuwa na hakika nisipourudisha hakuna pointi!

Mpira ulikuwa mkononi mwa mzee mmoja aliyevaa kofia ya timu, na chakula chake kiko mapajani. Nikachuchumaa mbele yake kwa heshima, nikatoa mikono miwili. Na kwa haraka ile, Kijapani chote nilichofundishwa kikaniruka, nikamwambia kwa lugha ya Koboko, "Mzee, habari ya mchana. Kuni iko wapi?"

Mzee alifikiri, akafungua chakula chake, akanipa donge la wali. Nikala. Kukataa chakula cha mzee si adabu. Ndipo akanipa na mpira, nikaruka uzio tena, nikakimbia mpaka katikati ya uwanja nikauinua juu: pointi! Refa akaniambia nimetoka, maana nimeacha vituo. Kisha mtu mmoja akacheka, halafu uwanja mzima ukacheka, wapinzani nao wakakaa chini kwa kucheka. Tulishindwa kwa pointi moja, ileile yangu.

Kocha hakucheka. Aliniita ofisini pamoja na Kenta, akasema anataka kusikia sababu kabla ya kukata tiketi ya kunirudisha kwetu. Nikaeleza yote, uji, michongoma, sheria, kisiki. Kenta alitafsiri kidogo, akacheka, akatafsiri kidogo, akatoka nje kupumua, akarudi. Kocha alibaki amekunja uso mpaka mwisho. Halafu akauliza neno moja, Kenta akanigeukia huku anafuta macho.

"Anauliza, huyo bibi, kuni zake sasa zinatosha?"

"Mwambie hapana. Kisiki bado kipo."

Kenta akatafsiri, kocha akaninyooshea kidole. "Basi kesho piga tena," akasema. "Lakini zunguka vituo kwanza."

Kenta hakuweza kufunga mdomo, na habari ikaenea mji mzima. Mchezo uliofuata yule mzee wa donge la wali alikuja na kipande cha kuni. Mimi nikisimama kupiga, yeye anakiinua juu. Kabla msimu haujaisha watu chungu nzima walikuwa wanakuja na vijiti vya kuni, wanavigonganisha kwa pamoja, kwa! kwa! kwa! mrushaji wa watu anachanganyikiwa, na mimi nasimama pale nakenua meno kama bwana harusi. Vijana, kazi ina raha zake, na raha yangu kubwa ilikuwa hiyo. Nimezunguka vituo vile mara nyingi tangu hapo, na kila mara miguu ilitaka kwenda kuutafuta mpira.

Si kwamba yote yalikuwa vicheko. Kulikuwa na msimu ambao warushaji wote waligundua udhaifu wangu, wakawa wananitupia mpira unaokuja umenyooka halafu unapinda dakika ya mwisho. Nilikosa, nikakosa, nikaacha kulala vizuri. Nikampigia Lado simu, naye akaenda kumshikia Haboba simu sikioni. Nikamweleza.

"Kuni yenye fundo," akasema Haboba, "wewe napiga wapi?"

"Si kwa fundo. Nangoja, nageuza, napiga upande."

"Sasa mpira gani iko naogopesha wewe? Ngoja hiyo fundo ipite. Na wewe utarudi lini? Kisiki yako kuku inalala juu."

Kesho yake nikaanza kungoja. Nilichelewesha kiuno kidogo tu, nikauacha mpira upinde kwanza, kisha nikaupeleka upande ulikokwenda wenyewe. Ndiyo siri yote ya mpira unaopinda, na mnayo sasa bila kulipia simu.

Mwaka mmoja nilijifanya mjanja. Nikamtuma binamu yangu ampelekee Haboba gari zima la kuni kutoka Ayivu, zimepasuliwa vizuri, aniletee mpira wangu. Haboba alizipokea kuni zote, akambariki binamu, akampa kisra. Mpira hakutoa. "Hii ni kuni ya mutu ingine," akamwambia. Na Lado kila mwaka mpya alikuwa ananitumia ujumbe mmoja tu: mchezo imesimama.

Kilichonimaliza ni bega la kulia. Lilianza kama jino, maumivu ya kuja na kuondoka, mwishowe likaja likakaa. Daktari akaniambia hakuna rungu tena, na nilipomuuliza kuhusu shoka alinitazama kama nimemtukana. Siku ya kuniaga, yule mzee alinikabidhi kile kipande chake cha kwanza cha kuni. Mji mzima ulikuwa umeandika majina na maneno juu yake kwa wino mweusi, mpaka Kenta, mpaka kocha. Nililia mbele za watu, na sioni aibu. Afisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Entebbe alikitoa kwenye begi, akakigeuza geuza. "Kuni? Kutoka Japani? West Nile miti imekwisha?" Nikamwambia ni habari ndefu. Akaniambia yuko zamu mpaka jioni. Nikamsimulia, akanipitisha.

Niliondoka Arua ikiwa mji, nikarudi nikaikuta jiji, ingawa mbuzi wa Ayivu walikuwa bado hawajapata habari. Sikukaa. Asubuhi nilishika njia ya Koboko na kuni yangu mkononi. Na pale uwanjani, jamani! Lado alikuwa amewaita wachezaji wote wa siku ile. Walikuwa wamesimama kila mtu mahali pake, wana vitambi, wana upara, mmoja ana mkongojo, Lado mwenyewe katikati akiwa na glavu iliyochanika. Mwalimu Adriko alikuwa kwenye kiti na mwavuli. Hakuna aliyenisalimia. "Mpira iko wapi?" akauliza Lado. Basi.

Nikapenya kwenye michongoma, safari hii kwa shida. Haboba Saida alikuwa kwenye kigoda chake. Amekuwa mdogo, mgongo umepinda, macho yamefifia, ila alinitambua kwa hatua. "Mutu ya Ayivu," akasema. "Shoka iko palepale." Na kisiki kilikuwa palepale, kijivu, kigumu kama jiwe, kuku juu yake. Nikawafukuza kuku, nikainua shoka, bega likanikata pumzi. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Nikageuza kiuno, mama akageuka, lakini mtoto hakufuata. Kilitoka kibanzi cha ukubwa wa kiganja. Lado akatia kichwa juu ya ua, akasema yuko tayari kusaidia. "Hapana!" Haboba akamkemea. "Kuni ya Candia, mkono ya Candia!"

Ndipo nikakumbuka nilichokuja nacho. Nikampa kwa mikono miwili. "Haboba, hii ni kuni nimekuletea kutoka Japani. Watu wote wa mji iliandika jina yao."

Akaipapasa. Akainusa. Akaigonga kwenye jiwe, akasikiliza, kama mimi nilivyokuwa nikigonga marungu. Halafu akaisukuma kwenye moto, chini ya birika.

Nilipiga yowe lililosikika uwanjani. Majina ya mji mzima! Mzee wangu wa donge la wali! Haboba akanishika mkono nisiichomoe.

"Wewe nalia nini? Kuni ni ya moto."

Ikawaka. Iliwaka kwa mwali mweupe, safi, birika likachemka mara moja, akanimiminia chai ya tangawizi. Akaukaribia moto, akatikisa kichwa polepole. "Hapana moshi," akasema. "Hii kuni ilitunzwa vizuri. Watu ya huko inakupenda." Na mimi niliyekuwa nalia nikajikuta nacheka, maana alikuwa ameyasoma majina yale yote vizuri kuliko mimi.

Kisha akafunua kawa ya rangi pembeni yake. Mpira ulikuwa chini yake, mweupe kupita ulivyokuwa, nyuzi zake nyekundu zimepauka kwa kuoshwa sabuni miaka yote hiyo. Nikanyoosha mkono. Akaufunika.

"Kisiki bado."

"Haboba, bega yangu imekufa. Hii kisiki nitapasua mwaka gani?"

"Kidogo kidogo. Leo umetoa kipande. Jumamosi unakuja, natoa ingine."

"Nipe mpira basi, na kuja nitakuja."

"Nikikupa mpira," akasema Haboba, "utakuja kufanya nini?"

Nilinywa chai yangu, na machozi yakawa yanaingia kikombeni bila kunikera. Nyuma ya ua Lado akaita, "Candia! Mpira iko wapi?"

"Bado!" nikajibu.

"Basi watu yangu, kaa chini!" Nikasikia wazee wote wa Koboko wakikaa kwenye nyasi, wakiguna kwa magoti na kucheka, na Haboba akaanza kuulizia nani ataleta sahani za kisra.

Kwa hiyo ninyi mlionifanyia sherehe ya kustaafu pale Arua, asanteni kwa keki, lakini mliwahi mno. Siku za wiki nipo nanyi Ediofe, nawafundisha kukunja magoti. Jumamosi napanda gari la asubuhi kwenda Koboko, natoa kibanzi kimoja kwa mkono wa kushoto, nakunywa chai, nasikia habari za mtaa. Nimepiga mpira mzuri kuliko yote ya maisha yangu, na kwa sheria ya Koboko sijapata hata pointi. Mchezo bado umesimama, Lado bado anangoja, na kisiki, namshukuru Mungu, bado ni kikubwa.